Kushusha kaiti maji yakijaa, Paje (Zanzibar)

Assalamu alaykum wanakikundi. Upepo wa kusi umekaza, na maji yakijaa ufukwe unabaki mwembamba, basi tuwe makini wakati wa kushusha kaiti (tiara kubwa inayotuvuta juu ya maji). Gonga kichwa chako kwa mkono kwanza, ishara ya kumwomba mpokeaji (mwenzako wa ufukweni atakayeidaka). Ishushe polepole pembezoni mwa upepo (ambako kaiti haivuti sana), upande wa bahari, kamwe si upande wa minazi. Mpokeaji ashike katikati ya ukingo wa mbele kwa mikono miwili. Akishika ncha, kaiti inamgeukia na kumponyoka. Akishaidaka tu, msogelee hatua mbili tatu kamba zilegee. Hapa ndipo wengi wetu tunasahau: kamba zikibaki zimekaza, kaiti inaruka tena. Ilazwe kifudifudi, ifukiwe mchanga wa majimaji (mkavu unapeperuka), kisha ndiyo ujitoe kwenye kulabu ya mkanda wako, inayokuunganisha na kaiti.