Yule Mzungu wa Shaba

London, 16 Septemba

Mwalimu, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mimi mzima, ila baridi imeanza kubisha hodi na koti langu la mwaka jana limenibana.

Umeniuliza yule mzungu wa shaba kwenye picha niliyokutumia, anayevuta glavu mkononi, alifanya nini hata nikasimama kando yake kana kwamba ni mjomba wangu. Jana ilikuwa tarehe 15 Septemba, siku ambayo Waingereza hukumbuka vita vya anga vya 1940. Nikapita tena Waterloo Place nimtazame vizuri kabla sijakujibu.

Anaitwa Keith Park, na kwanza si Mwingereza. Alizaliwa 1892 katika mji mdogo wa Thames, New Zealand. Vita vya kwanza vya dunia alikuwa mpiga mizinga: Gallipoli kule Uturuki, kisha Somme kule Ufaransa, ambako kombora lilimwangusha yeye na farasi wake. Madaktari wakaamua hafai tena kupanda farasi vitani. Basi akaenda kupanda ndege.

Mwaka 1940 ndiye aliyekuwa mkuu wa Kundi la 11 la ndege za kivita, lililolinda London na kusini-mashariki yote ya Uingereza, yaani mlango ambao Wajerumani walikuwa wakiupiga kila siku. Aliongoza kutoka chumba kilicho chini ya ardhi huko Uxbridge, wasichana wa jeshi wakisukuma vibao juu ya ramani kubwa mezani kila rada ilipoleta habari. Mara kwa mara alirusha mwenyewe ndege yake ya kivita, Hurricane, kwenda kuwatazama vijana wake viwanjani. Tarehe 15 Septemba Waziri Mkuu Churchill alikuja kukaa humo chumbani, akaona taa za ukutani zinaonyesha kila kikosi kiko juu. Akauliza akiba iko wapi. Park akamjibu hakuna.

Sasa sikiliza fitina yenyewe. Park alikuwa akituma vikosi vichache vichache, haraka, ili adui akutwe kabla hajadondosha mabomu. Jirani yake wa Kundi la 12, Leigh-Mallory, alitaka vikosi vitatu, hata vitano, vikusanyike kwanza angani, kisha vipige kwa pamoja. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kukusanyika kunataka dakika, na dakika ndicho kitu ambacho Park hakuwa nacho. Jirani akimaliza kujipanga, viwanja vya Park vinawaka moto. Oktoba wakaitwa Wizara ya Anga, na maneno yakawaelemea Park na mkubwa wake Dowding, watu wawili walioshinda. Kabla mwaka haujaisha wote wameondolewa, Park akapelekwa kufundisha marubani. Na kiti chake akapewa nani? Leigh-Mallory! Wewe uliyekaa kwenye vikao vya walimu miaka yote hii, hili halihitaji ufafanuzi.

Julai 1942 wakamkumbuka, kisiwa cha Malta kilipokuwa kinazama kwa mabomu. Akawatuma marubani kumlaki adui baharini badala ya kumngoja juu ya kisiwa, na mabomu yakapungua. Baada ya vita akarudi kwao, akafa Auckland 1975. Tedder, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alishasema 1947 kwamba kama yuko mtu mmoja aliyeshinda vita vile, ni Park. Hata hivyo Dowding alipata sanamu London 1988, na Harris, mkuu wa ndege za mabomu, akapata yake 1992, huku Park hana hata kichwa cha shaba.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Terry Smith, tajiri wa mambo ya fedha hapa London. Hakuomba sanamu “mahali fulani”. Aliomba kiweko cha nne cha Trafalgar Square, kile kilichojengwa kwa ajili ya Mfalme William wa Nne na farasi wake, fedha zikaisha, kikabaki kitupu zaidi ya miaka 150. Watu wa sanaa walishakizoea kuwa chao: kiangazi cha 2009 raia 2,400 walipanda hapo kwa zamu, kila mtu saa moja, wakifanya wapendavyo. Kampeni haikukipata kwa kudumu. Walichopata ni miezi sita, kuanzia Novemba 2009, kwa sanamu ya fibaglasi yenye urefu wa mita 5, pamoja na ruhusa ya Halmashauri ya Westminster kuweka ya shaba Waterloo Place, mwendo wa dakika chache tu. Hiyo ndiyo uliyoiona, kazi ya mchongaji Les Johnson, iliyozinduliwa 15 Septemba 2010. Mimi naona walishinda kwa kushindwa. Pale Trafalgar angeishi maisha yake yote chini ya nguzo ndefu ya amirali Nelson.

Kilichonigandisha pale jana lakini ni jambo la kwetu. Februari 1945 Park alipewa ndege zote za Washirika huko Asia ya Kusini-Mashariki, na Keya, askari wetu wa Afrika Mashariki katika jeshi la Mwingereza, bado walikuwa Bama (Burma). Unakumbuka babu yako akisimulia mchele na risasi vilivyoshuka kwa miavuli msituni? Sehemu kubwa ya jeshi kule ililishwa kutoka angani, na miezi ya mwisho ya vita mkubwa wa anga hiyo alikuwa huyu mwenye glavu.

Nikawaza ile sanamu ya askari unayoipita kila siku pale Posta, Dar es Salaam, bunduki yake ikielekea bandarini. Imesimama tangu 1927, na maandishi yake yanaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Zunguka pande zote, hutakuta jina hata moja. Terry Smith angalau alikuwa na jina la kuanzia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, lile sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi, lenye cheti cha babu na medali yake, lifungue wiki hii kabla ya mchwa. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, hasa penye namba yake ya jeshi. Hapa London yapo makumbusho ya jeshi na nyaraka za serikali, na Jumamosi mimi sina kazi.

Nisalimie shangazi. Mwambie kahawa yake bado sijapata mfano wake.

Wako,
Swahibu yako wa dawati la nyuma