Zuhura, nenda ukamtulize Mama

Tromsø, Norwe

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Hujambo, na watoto? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanila mifupa. Najua nimekaa kimya mno, ila leo nina shida na wewe, tena ya haraka.

Mama halali. Nilimtumia video ya ile mianga ya kaskazini, mtu akamwambia ni mionzi, itaniunguza. Sasa kila simu ni "rudi nyumbani". Nakuomba umwendee, wewe anakusikiliza.

Mwambie jua hupuliza chembe zenye umeme usiku na mchana. Sumaku ya dunia huzikinga nyingi zikapita pembeni. Lakini nguvu ikijilimbikiza kwenye mkia wa sumaku hiyo, upande wa usiku, hufyatuka na kusukuma elektroni, chembe ndogo zenye umeme, zishuke kwa kasi maeneo ya karibu na ncha, kaskazini na kusini. Huko zinagonga hewa, hewa inawaka. Ni kama taa ya tyubu pale dukani kwa Mzee Shee: umeme unagonga gesi, gesi inatoa mwanga. Na ni juu, Zuhura, kilomita 100 na zaidi! Elektroni zinaishia huko huko. Kinachonifikia mimi ni mwanga tu.

Juzi ulitokea utepe wa kijani juu ya mlima ng'ambo ya maji, ukajikunja, ukingo wa chini ukawa waridi, mara umeenea anga nzima. Kijani ni oksijeni, waridi ule naitrojeni. Wekundu nao ni oksijeni, ila ya kilomita 200 kwenda juu. Hewa huko ni haba, atomi hukaa karibu dakika mbili bila kugongwa ndipo itoe mwanga wake. Hilo bado linanishangaza.

Akiuliza mbona mianga haionekani Mombasa: karibu na ikweta mistari ya sumaku imelala, chembe hazina njia ya kushukia.

Kinachoumia ni mitambo. Machi 1989 dhoruba ya jua, yaani jua lilipopuliza kwa nguvu kupita kawaida, ilizima umeme Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa kama 9. Hilo la Quebec usimwambie, tafadhali. Mwambie tu hainigusi ngozi.

Utakwenda lini, Ijumaa? Dawa zake za presha anameza? Ni Bi Rukia aliyemtia maneno hayo, au nani? Na wewe, mguu umepona?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaidi