Barua ya wazi kwa mpwa wangu: Escomb uanzie nje

Mpwa wangu mpendwa,

Umepania kwenda Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kulitazama kanisa la kijiji cha Escomb. Nakuomba jambo moja: ukifika usikimbilie mlangoni. Lizunguke kwanza, ushahidi uko nje.

Lilijengwa kati ya mwaka 670 na 675 hivi, Ukristo ukiwa bado mchanga Northumbria, ufalme wa zamani wa eneo hilo. Mawe yake mengi ni ya mtumba. Yalitolewa Binchester, kilomita chache tu, kwenye ngome ya Waroma iliyoitwa Vinovia, ambayo jeshi lilikwisha kuihama zaidi ya miaka 200 kabla ya kanisa kujengwa.

Anza ukuta wa kaskazini. Tafuta jiwe lenye herufi LEG VI, yaani Legioni ya Sita, kikosi kikubwa cha jeshi la Waroma. Limewekwa kichwa chini. Fundi alichotaka ni jiwe linalokaa vizuri mahali pake, maandishi hayakumhusu. Mawe mengine yana alama za patasi zilizokatana kama wavu, mkono wa Waroma huo. Upande huo haupati jua la kutosha, kwa hiyo chukua tochi. Usimulike jiwe usoni, maana vivuli vitapotea. Ilaze tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga uparaze, na kila mkwaruzo utajitokeza.

Kusini kuna saa ya jua yenye nyoka juu yake, mistari yake mitatu tu: ilihesabu nyakati za sala, si saa 12 za mchana. Halafu yasome madirisha. Vile vidirisha vidogo vilivyo juu ndivyo vya tangu mwanzo. Wengi hukosea hapa: wakiona kichwa cha mviringo husema ni tao. Sogea uangalie viungo. Hakuna. Ni jiwe moja lililochongwa mviringo kwa chini. Madirisha makubwa yalitobolewa karne nyingi baadaye.

Magharibi, mstari wa mshazari ukutani ni kovu la paa la chumba kilichokwisha kubomolewa. Usiupite.

Sasa ingia. Ukumbi ni mwembamba na mrefu kwenda juu, urefu wake kama mara 3 ya upana. Mbele yako kuna tao la kuingilia madhabahuni, na hapo kaa usiwe na haraka. Inaaminika lilifunguliwa jiwe kwa jiwe Binchester na kupangwa upya hapa, nami naona hoja hiyo ina nguvu, kwa jinsi mawe yake yalivyochongwa kwa kipimo. Tazama miimo, yaani nguzo za pembeni zinazobeba tao: jiwe moja limesimama wima, linalofuata limelala, tena wima, tena kulala. Lile la kulala huingia ndani ya ukuta na kuung'ata. Yote yangekuwa wima, mwimo ungebanduka kama ganda.

Ukiona kanisa lipo zima hivyo, usidhani lilitunzwa siku zote. Mwaka 1863 kijiji kilipata kanisa jipya, hili likaachwa hadi paa likaharibika. Ukarabati ulifanyika kati ya 1875 na 1880. Kwa hiyo ukiinua macho kwenye mbao za paa, usizihesabie umri wa kuta.

Mjomba wako