YAH: ROBOTI YANGU KUPOTEA SIKU MBILI KWA KUTOELEWA NENO "KARIBU"

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
5 Oktoba 2041

Ndugu Meneja,

Roboti ya mizigo mliyoniuzia mwezi Juni, ambayo wajukuu zangu wameipa jina la Subira, ilipotea Jumanne asubuhi ikitoka sokoni Darajani na kilo mbili za changu na nazi tatu. Nimeipata Alhamisi alasiri. Kutoka Darajani hadi kwangu, kwa mguu, hata robo saa haifiki.

Nilipopiga simu kwenu, kijana akanijibu, "Bi mkubwa, ramani inaonesha imeshafika kwako." Nami nimesimama mlangoni, uchochoro mtupu! Uchochoro wenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mawimbi ya setilaiti yanatoka zaidi ya kilomita 20,000 juu, yakifika hapa yanagonga ukuta huu yakarukia ule, na mashine inajiona ipo pasipo pake. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, wala hizi nyumba hazikujengwa jana. Mlipaswa kulijua hilo kabla ya kuniuzia.

Lakini kilichoniuma hasa ni hili. Ramani ilipomshinda, Subira alianza kuulizia nyumbani mlango kwa mlango. Anapiga hodi, anaambiwa "Karibu!" Yeye akaelewa kwamba nyumbani si mbali. Anazunguka hatua chache, anakosa, anarudi mlango uleule. Jirani mmoja wa mtaa wa nyuma amemkaribisha mara kumi na moja. Mwishowe wazee wa baraza ya kahawa wakamwambia "karibu sana", akatulia papo hapo, usiku na mchana.

Hapo ndipo nilipomkuta, taa ya kifuani imefifia, mtu kamfunika kanga asilowe mvua. Kapuni samaki wameoza, na juu yao mandazi sita yamefungwa gazetini, sadaka za watu. Aliponiona akasema, "Nyumbani ni karibu." Nilimkumbatia mbele ya wazee wote, nikalia.

Nataka mnilipe samaki wangu. Nataka pia mafundi wenu wamfundishe kwamba karibu ya mlangoni si ya masafa, ni ya kumpokea mgeni. Na wamfundishe kuwa ukipotea huku hutaji namba ya nyumba. Taja jina la mwenye nyumba, mtoto yeyote atakushika mkono akufikishe.

Naomba jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Kwa sasa sokoni nakwenda naye mwenyewe, nimemshika mkono, na goti langu la kushoto halina nguvu tena ya safari hizo.

Wenu,
Mteja wa Mkunazini