Usichome hayo masega

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Glory,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ni matope tu hadi mlangoni. Najua umeninunia. Tangu mazishi ya Babu Lyimo sijakupigia hata simu, na leo naandika kwa sababu nina shida. Nitukane ukishamaliza kusoma.

Koku kaniambia umefungua mizinga mitatu ukakuta masega yameliwa, yamejaa utando na funza wa rangi ya maziwa, na kwamba Jumamosi ukitoka soko la Tengeru unayachoma moto. Mama Glory, usichome! Hao ni viwavi wa nondo wa nta, na mimi nawatafuta kama dawa.

Ndio wagonjwa wangu hapa maabara, badala ya panya. Mama yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini: "Nimeuza ng'ombe usome, unakuja kufuga funza?" Sasa kila nikienda Kibosho jirani wananiuliza mifugo haijambo.

Kazi yenyewe iko hivi. Nambana kiwavi taratibu kati ya vidole, namchoma kwenye kijiguu cha nyuma kabisa kwa sindano nyembamba, mikrolita 10 tu za maji yenye bakteria, yule wa vidonda vinavyotoa usaha wa kijani. Kumi nawafanya hivyo. Kumi wengine nawachoma maji ya chumvi matupu, nijue sindano yenyewe haiui. Halafu wote kwenye kabati la joto, nyuzi 37, joto la mwili wako na wangu. Hapo ndipo kiwavi anapomzidi nzi wa matunda na wale minyoo wadogo wa maabara. Wao joto hilo hawalihimili. Asubuhi nafungua visahani. Aliyehimili bado mweupe, ukimgusa na kibanio anajikunja kwa hasira. Aliyezidiwa ameanza na madoa mgongoni, mwisho anakuwa mweusi tii kama mkaa. Weusi huo ni kinga yake ikihangaika kuwafungia bakteria ndani ya rangi. Mara ya kwanza kuona nilimwonea huruma kweli. Sasa nahesabu tu.

Utauliza, kiwavi na sisi wapi na wapi? Hana kingamwili kama zetu, sawa. Anazo seli za damu zinazomeza vijidudu na protini zinazoviua, ile kinga ya kuzaliwa nayo, na sisi pia ndiyo inayotangulia vitani kabla nyingine hazijaamka. Mwaka 1996 kule Strasbourg, Ufaransa, kundi la mwanasayansi Jules Hoffmann liliambukiza kuvu nzi wa matunda waliokuwa na kasoro kwenye jeni iitwayo Toll, inayoamsha kinga hiyo. Wakafa. Ipo picha ya mmoja wao, kuvu imemwota mwili mzima kama manyoya. Baadaye ndugu za jeni hiyo zikapatikana kwa binadamu na kwa panya, na Hoffmann akawa mmoja wa waliopewa Nobel ya 2011. Nzi hao hao wanaozunguka mbege ya shangazi, Mama Glory! Tungejua tusingekuwa tunawapunga na kanga.

Basi, shida yangu. Viwavi tulioagiza nje walifika wamekufa, wananuka, na aliyetuuzia hapokei simu. Panya ni ghali na vibali vyake, acha tu. Mkuu wangu ananitazama kama vile mimi ndiye niliyewaua.

Nichagulie wanene weupe, wasio na doa wala utando wa kufumia. Hata mia. Usitie kwenye plastiki, wanaitafuna na kutoka. Mifuko yenyewe walishatunyang'anya tangu 2019. Tafuta kopo la bati, toboa vitundu vidogo kwa msumari, watilie kipande cha sega na maranda. Mpe konda wa kosta, mimi nitasubiri stendi. Hawa wa kwako siwachomi sindano; nawalea wazae kwanza, maana sijui wamepitia nini huko mzingani. Chakula chao ni unga, asali na gliserini. Wanakula vizuri kuliko mimi mwisho wa mwezi.

Lakini nisijifanye sijui kilio chako. Nondo huyu hupata nafasi kundi la nyuki likishalegea, na wewe ulikuwa na makundi yenye nguvu. Malkia alikufa? Au ni wale majirani wa nyanya na dawa zao za kupulizia? Kama uliwahi kupuliza dawa yoyote kwenye mizinga niambie ukweli, viwavi wa hivyo hawanifai. Mizinga mingine umeikagua? Shayo alilipa ile pesa, au bado anakuapia? Glory anaendeleaje na mguu? Na je, Jumamosi nije mwenyewe, tuchambue masega pamoja, unitukane vizuri ana kwa ana?

Wako,
Anna