Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya robo mwaka, upimaji wa usikivu mashuleni na semina vilifanyika kama mnavyofahamu, nami sitavirudia. Ninalopaswa kulieleza, kwa kuwa limenung'unikiwa sana, ni uamuzi wa kamati kwamba kila anayehudumia wagonjwa wa kizunguzungu cha mkao, yaani kile kinachomshika mtu kwa muda mfupi anapogeuza kichwa au kubadili mkao, aandike kwenye rejista ni mfereji upi wa sikio la ndani ulioathirika, badala ya kuandika "kizunguzungu" na kumpa mgonjwa vidonge.

Wapo waliodai kazi hiyo ni bure kwa sababu jibu linajulikana. Ni kweli kwamba wagonjwa 80 hadi 90 katika kila 100 huwa na chembe za kalsiamu, ambazo ndizo huleta kizunguzungu hicho, zilizoingia mfereji wa nyuma, na kwamba wa mfereji wa mbele hawazidi wachache. Lakini mfereji wa pembeni, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa na 5 hadi 15, kuna hospitali zilizoukuta kwa karibu theluthi ya wagonjwa, hasa wanapopimwa mapema, kwa kuwa aina hiyo hupona yenyewe upesi, na aliyepangiwa kliniki baada ya wiki kadhaa hufika akiwa ameshapata nafuu. Isitoshe, kipimo cha Dix na Hallpike cha mwaka 1952, cha kumlaza mgonjwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande na kutazama macho yake, ambacho wengi wetu tunakitegemea peke yake, huweza kuukosa mfereji huo. Ugonjwa wa mfereji wa pembeni hubainika kwa kumlaza mgonjwa chali na kumgeuza kichwa kulia na kushoto, na tiba yake si ile ya Epley ya 1992, ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zitoke kwenye mfereji wa nyuma. Nililisema hili tangu mwaka juzi, nikaambiwa naleta mambo ya vitabuni.

Kuhusu miwani ya Frenzel iliyonunuliwa kwa fedha za chama, ambayo humzuia mgonjwa kukazia kitu macho huku sisi tukiyaona macho yake, lawama zimenifikia. Mgonjwa akikazia kitu macho, mtikisiko wa macho wa kulia na kushoto, ambao ndio dalili ya mfereji wa pembeni, hufifia, na bila miwani hiyo tungeendelea kuandika kwamba hana kitu.

Ningependa kuwasomea hesabu ya wagonjwa wetu wenyewe, ila rejista nyingi hazikurudishwa, na baadhi ya waliolalamika hawakuhudhuria hata semina ya kipimo hicho wala hawajalipa ada. Mwakani, Mungu akijalia, huenda tukawa na takwimu za kutosha. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti