Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na pendekezo la ada limo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni. Mimi nitazungumzia zaidi ziara yetu ya Novemba katika kisiwa cha Sir Bani Yas, kwa kuwa ndiyo kazi kubwa tuliyoifanya mwaka huu.

Wengi wetu tumekaa Imarati, yaani Falme za Kiarabu, miaka na miaka bila kujua kwamba kisiwa hicho, magharibi ya Abu Dhabi, kina kanisa la kale. Liligunduliwa mwaka 1992, Sheikh Zayed, Rais wa Imarati wakati huo, alipoagiza visiwa vya Abu Dhabi vifanyiwe uchunguzi wa akiolojia. Wachimbaji walikuta kuta, kisha vipande vya lipu vilivyonakshiwa misalaba, wakajua wamefika kwenye nyumba ya watawa wa Kanisa la Mashariki. Makao makuu ya Kanisa hilo yalikuwa Iraki, na waumini wake walienea Ghuba yote: Failaka huko Kuwait, Kharg upande wa Iran, Jubail kwenye pwani ya Saudia, Samahij nchini Bahrain, mpaka Omani, ambayo zama hizo ikiitwa Mazun. Wanachama wetu wenye asili ya Omani walilirudia jina hilo njia nzima.

Hapa nina la kusahihisha. Katika taarifa ya mwaka jana niliandika kwamba makanisa haya yalikwisha mara tu Uislamu ulipoingia. Nilikosea, na naomba radhi. Wachimbaji wa kwanza walidhani jengo la Sir Bani Yas ni la karibu mwaka 600. Baadaye vigae vya vyungu vilichunguzwa upya, na mwaka 2008 mwanaakiolojia Robert Carter akaonyesha kwamba ni vya baadaye, vya karne ya 7 na ya 8. Maana yake watawa waliishi na kusali pale wakati Uislamu umeshaenea pwani hii. Walipoondoka, katika karne ya 8, hawakuacha dalili ya uharibifu. Kuta zilipasuka na kuanguka zenyewe, kama nyumba ambayo wenyewe walikusudia kurudi. Katika chama chenye Waislamu na Wakristo, jambo hili lilitugusa sote.

Tulipofika, mzee wetu mmoja, aliyekuwa fundi wa chokaa Unguja tangu ujana wake, alichuchumaa kwenye njia ya wageni akautazama ukuta kwa muda mrefu. Ni mawe na matumbawe, juu yake lipu. Akasema, "Huu nishaujenga." Akatuonyesha kwa kidole, bila kugusa, mahali ambapo fundi wa zamani aliziba pengo kwa vijiwe vidogo kabla ya kupaka. Mimi nimesoma makala nyingi kuhusu kanisa hilo. Hakuna hata moja iliyonifundisha kama dakika zile kumi.

Uchimbaji ulianza tena Januari mwaka huu, baada ya takriban miaka 30, na mwezi Agosti ikatangazwa kwamba msalaba mwingine wa lipu umepatikana. Una urefu wa sentimita 27, upana 17 na unene 2 tu, karibu sawa na daftari la shule. Chini yake kuna ngazi zinazowakilisha kilima cha Golgotha, ambako Wakristo wanaamini Yesu alisulubiwa, na majani yanachipua kwenye kitako. Ulikuwa katika mojawapo ya nyumba zenye ua karibu na kanisa, ambako inadhaniwa watawa wakubwa walijitenga kwa sala. Tulikwenda na picha yake, tukaipitisha mkono kwa mkono.

Kuhusu basi: lilichelewa, na baadhi yenu mlikosa boti ya kwenda kisiwani pale Jebel Dhanna. Najua mlivyoumia, hasa mliokuja na watoto. Kampuni bado haijarudisha fedha. Katibu anafuatilia, na nyinyi ndio mtakaopewa nafasi za kwanza katika ziara ijayo. Tunaomba kibali cha kwenda kisiwa cha Siniyah, Umm al-Quwain, ambako monasteri nyingine, yaani nyumba ya watawa, ilitangazwa mwaka 2022. Vipimo vya kaboni vinaonyesha ilijengwa kati ya mwaka 534 na 656. Ina birika la maji, mahali pa ubatizo na tanuri la mkate wa ibada.

La mwisho ni azimio ambalo kamati inawaomba mlipitishe leo: katika ziara zetu, mtu asiokote kitu. Sir Bani Yas mtoto wetu mmoja alitia kigae mfukoni. Hakuwa na nia mbaya, na wala hatukumkaripia. Lakini ni vigae kama hicho vilivyobadilisha tarehe ya kanisa lile, na kigae husema kitu pale tu kinapokutwa mahali pake. Mlinzi alimwomba kwa upole aonyeshe alipokitoa. Mtoto akarudi nyuma hatua chache, akatazama chini, akatazama tena, akaonyesha mahali pawili.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti